UZI: Vidonge vya sukari si vya aina moja. Jua jina la dawa yako kabla ya kuimeza

Mfamasia wa Kondele (mwenye uzi)

Habari zenu wandugu. Niko kemisti hapa Kondele, Kisumu, na dawa za sukari nazitoa kila siku. Nikimuuliza mteja anatumia ipi, naambiwa "ile nyeupe kubwa" au "zile za asubuhi na jioni". Juzi mama mmoja alifungua fundo la leso akanipa kipande cha karatasi ya vidonge. Vilikuwa vimebaki viwili, na mkasi ulikuwa umepita katikati ya jina. Bahasha aliyowekewa ilikuwa imeandikwa "1x2" na basi. Yeye hajui anameza nini, na mimi siwezi kumwambia kwa kukitazama tu, maana vidonge vyeupe vya mviringo viko vingi mno.

Mambo yote nitakayoandika hapa yanategemea kitu kimoja: ujue jina la kidonge chako. Dawa za sukari za kumeza zina makundi. Kuna ambazo ukizimeza bila kula unaweza kuanguka, na kuna ambazo hazina tabia hiyo. Kuna za kusimamisha ukiharisha. Kuna zinazogombana na Septrin (dawa ya kuua bakteria), na kuna zinazogombana na ARV. Ukisema tu "natumia za sukari", hata daktari hawezi kukulinda.

Nianze na metformini, kwa sababu ndiyo watu wazima wengi hupewa kwanza. Kwenye boksi imeandikwa Metformin, na pembeni 500, 850 au 1000, yaani miligramu. Hii haisukumi kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari. Kazi yake kubwa iko kwenye ini. Usiku na kati ya mlo na mlo, ini humwaga sukari kwenye damu, na kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili humwaga kupita kiasi. Metformini hulizuia, na pia huusaidia mwili kuitumia insulini uliyo nayo. Ndiyo sababu ikiwa peke yake ni nadra ishushe sukari hadi kiwango cha hatari.

Inachosumbua ni tumbo: kichefuchefu, gesi, kuharisha, na ladha ya chuma mdomoni. Kwa hiyo huanzwa kidogo, kwa kawaida 500 mara moja au mbili kwa siku, halafu hupandishwa polepole wiki hata wiki, na wengi huishia karibu na 2000 kwa siku. Imeze katikati ya chakula au mara tu umalizapo, si kwa chai ya rangi tupu saa kumi na mbili asubuhi huku matatu inakungoja. Wiki za kwanza zikipita, tumbo la wengi hutulia. Likikataa, rudi uombe ile inayotoka polepole, ambayo boksi lake lina herufi XR au SR. Hiyo usiitafune wala usiisage. Na ukiona kitu kama kidonge kizima chooni usishtuke: dawa imeshaingia mwilini, kilichotoka ni ganda. Nimewaona watu wakiacha dawa kwa sababu ya ganda hilo, wakaamini kwamba haifanyi kazi.

Sasa figo, maana hapa uvumi umetembea kuanzia Busia hadi Nakuru. Metformini haiharibu figo. Kinachoziharibu ni sukari na presha zilizoachwa juu miaka nenda miaka rudi. Ila metformini hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikichoka, dawa hujikusanya, na hapo damu inaweza kujaa asidi. Hutokea mara chache, lakini huua. Ndiyo maana inatakiwa upimwe kriatinini, yaani kipimo cha damu cha figo, angalau mara moja kwa mwaka, ambayo hukokotolewa kuwa namba iitwayo eGFR, inayoonyesha nguvu ya figo. Ikiwa chini ya 30, metformini haitumiki. Kati ya 30 na 45, kipimo cha dawa hupunguzwa. Kama tangu uanze dawa hujawahi kupimwa figo, liombe hilo kliniki ijayo, usingoje kuitwa.

Kundi la pili ndilo linaloninyima usingizi. Ni glibenklamidi, ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina la Daonil, pamoja na ndugu zake glimepiridi na gliklazidi. Hizi huliamuru kongosho litoe insulini, na kongosho hutii hata kama hujatia chochote tumboni. Asubuhi umemeza, ukasema utakula ukifika sokoni Kibuye, wateja wakakushika hadi saa nane. Saa tano tayari jasho linakutoka, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, maneno yanaanza kupotea. Watu wanadhani umelewa. Sukari ikishuka chini ya 4 kwa mashine zetu nyingi za kupimia sukari (mmol/L), hiyo ni ya kutibu papo hapo. Mashine nyingine husoma kwa kipimo kingine (mg/dL), ambapo 4 huonekana kama 72, kwa hiyo jua mashine yako inasoma kwa kipimo gani.

Kundi hili linamezwa na chakula, wengi wakianzia na kifungua kinywa. Kama huli, humezi. Ukisahau, usimeze mbili kufidia. Kwa mzee, hasa mwenye figo dhaifu, glibenklamidi si chaguo zuri kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu, na shirika la WHO linaelekeza kwamba wenye umri wa miaka 60 na zaidi watafutiwe nyingine katika kundi hilo, kama gliklazidi. Kama mzazi wako ana umri huo na anaimeza, usimnyang'anye dawa nyumbani. Nenda naye kliniki muulize kama inaweza kubadilishwa.

Kuna pia kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani, metformini na glimepiridi, au metformini na glibenklamidi. Mtu anatoka hospitali moja na kidonge cha namna hiyo, mwezi ujao kituo kingine kinampa glimepiridi peke yake, naye anameza vyote kwa sababu majina ya kibiashara kwenye maboksi hayafanani. Soma maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo dawa yenyewe imeandikwa.

Huku kwetu kuna mambo mawili ambayo maelezo ya watu wa mbali hayagusi. La kwanza ni malaria. Kanda ya ziwa tunaijua. Mtu ana homa, anatapika, hajala tangu jana, lakini dawa ya sukari anameza kwa uaminifu. Kama ni glibenklamidi, sukari inaweza kuporomoka, na malaria kali yenyewe hushusha sukari, sawa na kwinini, kama atachomwa hiyo. Kama ni metformini, kutapika na kuharisha hukausha maji mwilini, figo zikazidiwa, dawa ikajikusanya. Siku hizo metformini husimamishwa kwa muda hadi uanze kula na kunywa kama kawaida. Lakini ugonjwa pia huweza kupandisha sukari juu sana, kwa hiyo huwezi kusimamisha dawa ukalala tu. Pima sukari mara kwa mara, kunywa maji, na ukiona hata maji hayakai tumboni nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni ARV, na nalisema waziwazi kwa sababu wengi wanalificha kwenye kliniki ya sukari. Dawa nyingi za sasa zina dolutegraviri ndani. Dolutegraviri huongeza metformini kwenye damu, kwa hiyo ukitumia zote mbili, metformini kwa kawaida haivuki 1000 kwa siku nzima. Hakuna sababu ya kuacha yoyote kati ya hizo. Kinachohitajika ni daktari wa upande mmoja ajue wa upande wa pili ameandika nini. Septrin nayo, ikikutana na glibenklamidi au ndugu zake, inaweza kushusha sukari, na kwa mzee mwenye figo dhaifu hatari ni kubwa zaidi. Flukonazoli ya fangasi na siprofloksasini ya bakteria nazo ziko kwenye orodha ya kuuliza. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, hufanya kinyume: hupandisha.

Piga picha ya boksi kwa simu. Hiyo tu itanirahisishia mimi na wenzangu kazi kubwa.

Mama Nyalenda

Asante daktari kwa maelezo. Mama mkwe wangu alianguka jikoni Jumapili asubuhi. Alikuwa ameloa jasho chapachapa, akitwambia maneno yasiyoeleweka. Tukampa maji ya sukari akarudiwa na fahamu, tukashukuru Mungu tukaenda kanisani. Jioni ikamrudia tena vilevile. Anatumia Daonil. Kwa nini ilirudi na sukari tulimpa?

Mfamasia wa Kondele

Pole sana mama, na mlifanya vyema kumpa sukari upesi. Ilirudi kwa sababu sukari mliyompa iliisha, dawa bado ipo. Glibenklamidi moja inaweza kufanya kazi siku nzima, na kwa mzee hata zaidi.

Utaratibu ni huu. Akiwa bado anaweza kumeza: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe chakula cha kweli, kama ugali au mkate na maziwa, kwa sababu maji ya sukari hayadumu. Baada ya hapo mpeleke hospitali hata akisema amepona, na useme kwa sauti mlangoni kwamba anatumia glibenklamidi. Mtu wa dawa hii hawekewi dripu moja ya glukosi kisha akaambiwa aende nyumbani. Hukaa akiangaliwa.

Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani. Kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, tafuta gari.

Na kabla ya kidonge kijacho, ongeeni na daktari wake. Swali la umri wake na figo zake linahitaji jibu wiki hii. Nakuomba sana usilingoje hadi tarehe ya kliniki.

Kijana wa Luanda

Heshima kwako, ila mimi naona hizi dawa za kizungu ndizo zinamaliza wazee wetu. Baba yangu mdogo alimezeshwa metformini miaka kumi, mwishowe akawekwa kwenye mashine ya figo. Huku Vihiga tuna mizizi na majani ambayo babu zetu walitumia. Mwarobaini, mlonge, karela. Kwa nini tusirudi huko?

Mfamasia wa Kondele

Pole kwa yaliyompata baba mdogo. Siwezi kujua kilichomfikisha kwenye mashine bila kuona faili lake, lakini kumbuka mpangilio: sukari ndiyo huziumiza figo, na metformini ndiyo alikuwa akiimeza siku hizo hizo. Rahisi sana kumshtaki aliyekutwa mahali pa tukio.

Kuhusu mimea, sina chuki nayo. Metformini yenyewe asili yake ni mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika Ulaya zamani. Kemikali iliyokuwamo ilishusha sukari lakini ilikuwa na sumu, ndipo wanakemia wakatengeneza jamaa yake iliyo salama zaidi, mwaka 1922. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari mwaka 1957, na Marekani waliisubirisha hadi 1995. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS ulionyesha kwamba watu wanene wenye kisukari waliotibiwa kwa metformini walipata mshtuko wa moyo na vifo vichache kuliko waliotegemea chakula peke yake. Kwa hiyo mmea umeshafuatwa, umepimwa, umewekewa kipimo.

Wasiwasi wangu na chupa ya barabarani ni kwamba haina kipimo. Karela inaweza kweli kushusha sukari kidogo, na ukiiweka juu ya glibenklamidi umejiongezea dawa bila kujua kiasi. Pia katika nchi mbalimbali "dawa za asili" za sukari zimewahi kupimwa maabara zikakutwa zimechanganywa na glibenklamidi ya kiwandani. Ukiona unga wa mitishamba unashusha sukari haraka ajabu, jiulize kilichomo. Ukiamua kunywa, basi mwambie daktari. Kumficha ndiko kunakoua.

Mkulima wa Njoro

Mimi niko Nakuru upande wa Njoro. Nilianza na sukari ya 17. Sasa nimepunguza chapati na chai ya sukari nyingi, natembea hadi shambani, asubuhi nasoma 5.8 au 6.1. Natumia metformini 500 mara mbili. Naona nimepona. Naweza kuacha?

Mfamasia wa Kondele

Hongera mzee wangu, na nakupongeza kwa moyo wote, kutoka 17 si mchezo. Lakini hiyo 5.8 umeisoma ukiwa na dawa ndani. Lengo la asubuhi kabla ya kula kwa watu wengi ni kati ya 4 na 7, kwa hiyo uko pale tunapotaka uwe. Hiyo ni dalili kwamba mpango unafanya kazi.

Kuna watu wanaopungua uzito sana hadi daktari akawaondolea dawa na sukari ikabaki chini kwa muda mrefu. Lipo, silikatai. Lakini hufanywa kwa kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kipime, peleka majibu, mzungumze. Ukiacha kimyakimya, sukari hupanda bila maumivu, na utaijua kwa macho au vidole vya mguu.

Nesi wa Kakamega

Naongeza machache kutoka kliniki. Mgonjwa wa metformini wa miaka mingi akilalamika ganzi miguuni, tusikimbilie kusema ni sukari imekula mishipa. Metformini hupunguza vitamini B12, na B12 ikipungua huleta ganzi hiyo hiyo, uchovu na upungufu wa damu. Kipimo kipo na tiba ipo. Omena, maziwa na mayai vinasaidia, ila ikiwa imeshuka sana chakula peke yake hakitoshi.

La pili: ukitumwa kupigwa CT yenye dawa ya kuchomwa mshipani, waambie unatumia metformini kabla hujapanda kitandani. Kwa mwenye figo zilizopungua nguvu husimamishwa kwa saa 48 na figo hupimwa tena.

Na kwa wale wachache wanaotumia empaglifozini au dapaglifozini: hizi hutoa sukari kwa mkojo. Fangasi sehemu za siri ni jambo la kawaida nazo, njooni mtibiwe, msione haya. Ukiwa mgonjwa huli, au unasubiri upasuaji, husimamishwa, kwa sababu zinaweza kujaza damu asidi hata wakati mashine inasoma sukari nzuri. Kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu ni dharura.

Mfamasia wa Kondele

Asante nesi. Hilo la B12 nashukuru umelisema, wengi huambiwa tu ni umri.

Dereva wa Boda, Manyatta

Mimi swali langu ni la matanga. Wiki mbili zijazo tunazika Siaya. Mnajua mazishi yetu: tunatoka asubuhi na mapema, ibada, hotuba za wanasiasa, chakula kinatoka saa tisa au saa kumi. Mimi natumia glimepiridi asubuhi na metformini asubuhi na jioni. Jioni vijana wanaleta busaa. Nifanyeje?

Mfamasia wa Kondele

Swali zuri kuliko yote, kaka, na pole kwa msiba.

Glimepiridi inafuata chakula, haifuati saa ya ukutani. Ukiweza, kula kabla ya kutoka: uji wa wimbi na mayai, au viazi vitamu na maziwa, chakula cha kushiba. Hapo meza dawa zako kama kawaida. Halafu beba mfukoni njugu na ndizi za kula katikati ya hotuba, na sukari kidogo kwenye karatasi ya nailoni kwa dharura. Ukiona huwezi kula kabisa asubuhi, usimeze glimepiridi. Kliniki yako mkiongea kabla ya safari watakwambia kama uimeze na kile chakula cha saa tisa au uiruke siku hiyo. Hiyo simu ipige wiki hii.

Busaa iache hadi uwe umekula, na iwe kidogo sana. Pombe hulizuia ini kutoa sukari, na glimepiridi inasukuma insulini wakati huo huo. Unaweza kushuka usiku umelala, na wenzako wakadhani umelewa tu. Na mwenye metformini akinywa sana anajiongezea hatari ya ile asidi. Chang'aa usiiguse.

Mwambie mtu mmoja mtakayekuwa naye kwamba una sukari na dalili zake ni zipi. Na kama wewe ndiye utakayeendesha pikipiki kurudi Kisumu, pima kabla ya kuwasha. Chini ya 5 kula kwanza, ngoja, pima tena.

Dereva wa Boda, Manyatta

Nimepiga picha boksi zote mbili. Moja imeandikwa Glimepiride 2 mg, nyingine jina sijui lakini chini imeandikwa Glimepiride 1 mg + Metformin 500 mg. Ina maana nimekuwa nikimeza glimepiridi mara mbili?

Mfamasia wa Kondele

Ndiyo, kaka, glimepiridi iko kwenye vyote viwili. Huenda daktari alipanga iwe hivyo, huenda vituo viwili havikujuana. Usiache chochote kwa kubahatisha. Leo pima sukari kabla ya kila mlo, usikose kula, na kesho asubuhi peleka maboksi yote mawili kwa aliyekuandikia. Ukisikia jasho au kutetemeka usiku huu, sukari kwenye maji na hospitali moja kwa moja. Nijulishe hapa watakachosema.